Ananisimulia jambo lile lile kila juma

*Mama, niko Goma, mwezi wa tatu wa staji, yaani mafunzo ya vitendo, ya unasihi. Kuna mama mmoja wa Buhene ambaye kila juma anarudia habari ya nyumba yake iliyofunikwa na lava ya volkano mwaka 2021, na nikimpa shauri anajibu, "Ndiyo, lakini." Juzi nilimkatiza. Je, kazi hii inamfaa mtu asiye na subira kama mimi?*

Mwanangu, sitakurudishia methali za subira, kwa maana umezisikia tangu utotoni na hazikukuzuia kumkatiza yule mama. Nakuuliza jambo lingine: alipoanza tena, ulikuwa unamhurumia yeye, au ulikuwa unatafuta namna ya kujitua mzigo wewe mwenyewe? Nilipokuwa mwanafunzi, baada ya lava ya Januari 2002 kupita katikati ya mji, nilimwambia mwanamke aliyekuwa akikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake kwamba Mungu akipenda atajenga tena. Alinishukuru kwa heshima, akainuka, na hakurudi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba faraja ile nilijipa mimi, kwa kuwa kimya chake kilikuwa kinanitisha.

Wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick wameieleza vizuri hamu hiyo ya kumnyoosha mtu: kadiri mshauri anavyosukuma upande mmoja, ndivyo anayeshauriwa anavyoushika upande wa pili na kuutetea. Ile "ndiyo, lakini" unayoiona kuwa ukaidi, basi, huenda umeichochea wewe mwenyewe.

Safari ijayo acha mashauri nje ya mlango. Akinyamaza, vuta pumzi tano kabla ya kufungua kinywa, kisha umrudishie kwa maneno machache ulichosikia, bila kumuuliza swali. Halafu, na hili ndilo litakalokupunguzia uchovu, sikiliza kilichobadilika, kwa sababu habari inayorudiwa hairudiwi sawasawa: juma hili ametaja ukuta, juma lijalo atataja cherehani iliyobaki ndani, na huenda siku moja akamtaja mtu ambaye hajamtaja kamwe. Ukijiaminisha kwamba habari yote unaijua, siku hiyo itakupita.

Ila usichanganye subira na kungoja. Mtu akikuambia kwamba amebakwa, afikishwe hospitalini upesi, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Na anayezungumzia kujiua haachwi hadi juma lijalo.

Kuhusu kazi kukufaa, ni mapema mno kusema, na kusema kweli, mwanafunzi asiyechoka kabisa ndiye angenitia wasiwasi. Mweleze msimamizi wako wa staji jinsi ulivyomkatiza, bila kupamba. Yule mama naye mwombe radhi mwanzoni mwa kikao, kwa sentensi moja, usijitetee, kisha umwache aanzie anapotaka, hata kama ni kwenye ukuta ule ule.