Mama mkwe ameona wachawi kwenye simu yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, nina miaka 31, mume na watoto wawili. Mwaka jana mteja wangu alinirushia tamthilia ya A Discovery of Witches, sizoni zote tatu. Shangazi, nimenasa. Binti mchawi, tena msomi, anapendana na mwanamume mnyonya damu, na baraza lao limeshapiga marufuku. Naangalia usiku nikishona, hedifoni masikioni, nikimaliza naanza upya.

Sasa mama mkwe amekuja kukaa nasi kutoka Newala. Juzi mwanangu mdogo akamwambia, "Bibi, mama anaangalia wachawi wanabusiana." Tangu siku hiyo hanywi chai nikiipika mimi. Mume wangu ni dereva wa lori la korosho. Aliporudi safari akaambiwa yote. Anataka nifute, na anasema mtu hacheki na simu saa saba usiku kama hakuna mtu upande wa pili. Je, nina tatizo? Ni dhambi? Na mume nimwambieje?

Halafu kuna kajambo kadogo. Niliweka picha ya yule binti, mikono inawaka moto, kwenye stetasi, nikaandika "Msinichezee, nina damu ya kichawi." Wiki iliyofuata mtoto wa jirani akapata degedege, na mama yake sasa ananipita bila salamu. Nacheka tu.

Mama Wawili, Chuno

Marahaba mwanangu, na usicheke.

Barua yako imemwaga wino kwa mama mkwe na mume, jirani umemwachia mistari miwili ya mwisho. Mimi naanza na hiyo miwili. Ya chai na hedifoni yataisha humo humo ndani kwenu. Ya jirani yana miguu. Huyo mama hajaangalia sizoni hata moja, na hajui kama ulikuwa unatania. Anachojua ni kwamba fundi wake wa nguo alijitangaza ana damu ya kichawi, na siku chache baadaye mwanawe alikuwa mapajani pake amekaza meno, macho yamegeuka, mwili unatetemeka. Mtu akishashika mtoto wa namna hiyo usiku, hatafuti ushahidi wa kumtosha hakimu.

Mimi na wewe tunajua kwamba watoto wa huku wakipata degedege, mara nyingi ni homa kali, na wa kwanza kushukiwa ni malaria. Lakini usiende kumsomesha hilo mlangoni kwake. Nenda mchana, watu wakikuona, piga hodi, uliza hali ya mtoto kabla ya lolote. Kama bado hajapimwa au homa imerudi, itisha bodaboda, lipa wewe, mfuatane hadi kituo cha afya. Mkishakaa ndipo useme: "Ile picha ilikuwa ya tamthilia, nilifanya utani mbaya, nisamehe." Ishia hapo. Usianze kumsimulia Diana, yule binti mchawi wa tamthilia, ni nani na mpenzi wake ana miaka mingapi. Na usibebe chakula, hata embe. Kwa sasa kila kinachotoka mkononi mwako kitageuzwageuzwa kabla ya kuliwa. Najua stetasi hujifuta baada ya saa 24, ila watu wana skrinishoti, kwa hiyo usijipe moyo kwamba imeshapotea.

Sheria nayo ipo. Tunayo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa mwaka 1928 zama za Mwingereza na haijatoka vitabuni mpaka leo. Inamgusa anayejidai ana nguvu za uchawi, na inamgusa pia anayemtangaza mwenzake mchawi pasipo kupeleka habari kwa wahusika. Sisemi askari atakufuata Chuno kwa ajili ya picha. Ninachosema ni kwamba ukilifikisha suala hili kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika unasingiziwa, wa kwanza kuulizwa maswali ni wewe, maana maandishi ni yako.

Ajabu ni kwamba tamthilia yenyewe inakuonya. Diana Bishop wako ni wa kutungwa, lakini ukoo wake umefungwa kwa mtu aliyeishi kweli, Bridget Bishop. Huyo alinyongwa Salem, Massachusetts, Juni 1692, wa kwanza kati ya watu 19 walionyongwa kwa uchawi mwaka ule. Unajua kesi zile zilianzaje? Wasichana wadogo walianza kushikwa na mishtuko, wanajikunja na kupiga mayowe, na majina ya majirani yakaanza kutajwa. Deborah Harkness, aliyeandika vitabu vilivyozaa tamthilia hiyo, ni profesa wa historia. Jina la Bishop hakuliokota njiani. Na huku kwetu hatuhitaji kwenda hadi Marekani. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoliwa na moshi wa jikoni. Basi ndiyo maana nimekuambia usicheke.

Sasa, je, una tatizo? Huna. Najua wapo watakaokuambia mwanamke anayependa hadithi ya penzi la marufuku ana mtu wake wa zamani amemhifadhi moyoni. Nimemtafuta mtu huyo kwenye barua yako, simwoni. Unapenda hadithi nzuri, basi. Tena hadithi inayoeleweka sana ukiisikilizia kusini. Wao wana baraza la watu tisa, wachawi watatu, wanyonya damu watatu na watatu wa jamii nyingine, wamejifungia huko Venice wanaamua nani asimguse nani. Sisi tuna wajomba. Binti Mkatoliki wa Ndanda amlete nyumbani kijana Mwislamu wa Kilwa uone vikao vitakavyokaa, na uone mjomba ambaye hajawahi kununua hata daftari la huyo binti anavyopewa kiti cha mbele. Nani amezaliwa huku akashindwa kumshangilia Diana anapowajibu wazee wale?

La dhambi mpelekee sheikh au padri wako, mimi sina mamlaka hayo.

Mama mkwe namwelewa. Mchawi anayemjua yeye hutoka usiku uchi, hula watu, hufanya wana wa wenzake misukule wamlimie shamba. Ameingia nyumbani kwa mwanawe akaambiwa na mjukuu kwamba mkamwana anawaangalia hao usiku kucha. Ulitaka ashukuru? Hajui kwamba mchawi wako ni binti aliyefiwa na wazazi akaukataa uchawi wenyewe, na muda wake mwingi anaumalizia maktaba.

Lakini mama wa Newala si mgeni wa hofu ya kuchezewa. Muulize mapiko, ngoma ya vinyago, ya enzi zake. Muulize kinyago kilivyokuwa kinaingia uwanjani, wanawake wanakimbia huku wanacheka, na kila mtu anajua ndani ya kile kinyago kuna mtoto wa fulani, ila hasemi. Muulize na umsikilize mpaka amalize, cherehani umeizima. Akishachangamka, mwambie hayo yako nayo ni ya namna hiyo, kisha umwonyeshe kidogo. Chagua sizoni ya pili, pale wanaporudi London ya mwaka 1590, kwa sababu ya mavazi. Zile kola za marinda zinazozunguka shingo kama sahani utaweza kumweleza kifundi, zimekunjwaje, na wewe ungemtoza mteja shilingi ngapi. Ila kipande ukikague kwanza peke yako! Tamthilia hiyo ina vitanda, na hakuna fedheha kama kukaa mkeka mmoja na mama mkwe wakati watu wanavuana nguo kwenye kioo. Na hao watoto wako wanaochungulia begani, hapana. Mdogo ameshaona mabusu, atafuata kuona shingo inang'atwa.

Kuhusu chai, usimbembeleze anywe yako. Mwachie birika ajipikie, kisha wewe ndiye umwombe, "Mama, nimiminie na mimi." Kunywa mbele yake.

Nimebakiza mume. Mtu ametoka Tandahimba na magunia, amelala kwenye kibini siku mbili akisubiri foleni ya kushusha ghalani, anafika kwake anakuta mke amejiziba masikio anatabasamu gizani. Mimi pia ningeuliza. Hakuna aliyekuzuia kumwambia tangu mwanzo, "Kuna kitu naangalia, kitamu." Ulificha kitu kisichohitaji kufichwa, naye akajaza mwenyewe kilichomo. Basi siku akiwa amepumzika, ameoga, amekula, mpe upande mmoja wa hedifoni, wewe baki na mwingine, muanze pamoja sehemu ya kwanza. Zipo 25, zitawatosha msimu mzima wa korosho. Atalala katikati, mwache alale. Ameshaona upande wa pili kuna nani.

Na wewe nikuonye kidogo. Matthew, yule mnyonya damu wa Diana, ana miaka 1,500, ana majumba Ufaransa na Uingereza, hajawahi kupanga foleni ya mizani. Tena anamficha mwenzake mambo mazito kwa kisingizio cha kumlinda, na sinema inayapamba. Mfurahie humo humo. Siku utakapomwambia baba watoto "Matthew asingefanya hivyo," utakuwa umemkosea, na sitakuwa upande wako. Pia saa saba usiku sindano inatembea, macho yako kwenye simu. Kidole kitashonwa pamoja na gauni la watu.

Usifute. Hamishia kwenye flashi, simu ipumue, na stetasi weka vitambaa na mishono yako. Kama mumeo ataangalia na wewe, akajionea hakuna mtu, na bado akashikilia ufute, niandikie tena, uniambie na yeye simu yake huwa analala nayo wapi.