Jibu: Miche ya nyanya imerefuka na kupauka chini ya matandazo

Ndugu, nimekuelewa: kitalu chako cha nyanya hapo Buswelu kimeota, nyasi za matandazo hukuziondoa, sasa miche ni myembamba, ya njano, na unaogopa kuifunua ghafla.

Ifunue leo jioni. Gizani mche hulimbikiza fitokromu A, protini ya kuhisi mwanga. Ikipigwa na mwanga huingia kwenye kiini cha seli, husimamisha mbio za shina, kisha hubandikwa yubikwitini, protini ndogo iliyo alama ya "vunja hii", na kusagwa na proteasomu, kinu cha seli cha kuvunja protini, ndani ya saa chache. Ndugu yake, fitokromu B, isiyovunjika upesi, hubaki kazini kuzuia shina lisirefuke. Kwa hiyo mwanga ndio dawa. Kinachounguza ni jua kali la mchana juu ya jani lisilo na klorofili (rangi ya kijani ya majani) ya kutosha. Weka kichanja chepesi cha kivuli juu ya kitalu, kimo cha mita 1, siku tatu nne, ukikipunguza kidogo kidogo.

Shina lililorefuka halirudi. Ukihamisha, fukia hadi karibu na majani ya kwanza. Nyanya huotesha mizizi shinani. Mwagilia asubuhi, si usiku. Shina likilainika na kusinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche: ng'oa, mwoneshe afisa ugani kabla hujanunua dawa.