Ulizeni Habari za Tumbo Kwanza

Wadogo zangu, Jumatatu kwenye raundi nimekuta faili la kijana mwenye nasuri, ile njia ya usaha inayotoboka kutoka ndani ya njia ya haja kubwa mpaka ngozi ya pembeni, kapangiwa thieta Jumatano apasuliwe tena. Kashapasuliwa mara mbili, na matundu sasa ni matatu. Kurasa nne za maelezo, hakuna hata mstari mmoja kuhusu tumbo lake. Mgawanyo wa Parks wa 1976, unaopanga nasuri kwa jinsi zinavyopita kwenye msuli wa kubana haja, mnaukariri kama tenzi, lakini kumuuliza mtu anaendaje chooni kunawashinda! Nimekasirika, ndiyo maana naandika usiku huu.

1. Jipu linatolewa usaha leo leo. Usisubiri picha ya MRI. Likishatoka, ishia hapo. Ukichokonoa nyama iliyovimba utatoboa njia ambayo haikuwepo.

2. Uliza tumbo. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa rezidenti alikuja mama mmoja, mwalimu, anatokea Mbagala. Tundu moja, upande wa mbele. Probu, kijiti chembamba cha kufuata njia, ikapita bila kugoma, nikaona njia fupi, nikaipasua yote kwa dayathemi, kisu cha umeme. Dakika kumi na tano, nikatoka nimejaa fahari. Kwa mwanamke msuli wa kubana haja upande wa mbele ni mfupi. Nilikuwa nalijua hilo, na bado nikapasua. Wiki ya sita kidonda kilikuwa kibichi, kingo zake za zambarau. Aliingia kliniki, akakunja khanga mara nne, akaitandika kitini ndipo akakaa. Hapo ndipo nikamuuliza kwa mara ya kwanza kama anaharisha.

"Mwezi wa nane huu, daktari. Wewe ulitazama huko nyuma tu."

Tulitafuta TB kwanza, maana TB ya utumbo inafanana mno na Crohn, ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo unaoweza kuleta nasuri. Haikuwepo. Kolonoskopi, kamera ya kuchungulia utumbo mpana, na vinyama vilivyopimwa vikaonyesha Crohn. Dawa zilituliza utumbo, msuli haukurudi. Akawa anapanda daladala saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu foleni ikimkuta njiani hawezi kujizuia. Nilimwomba radhi. Aliitikia, akageukia dirishani. Ile khanga naiona mpaka leo.

3. Setoni, ule uzi unaopitishwa ndani ya nasuri, iwe legevu, ya silikoni, ukikosa, nailoni. Kazi yake ni kuacha njia wazi usaha utoke, hata kwa miezi. Mmoja wenu, mwenye mkono mwepesi kweli, nilimkuta anaikaza ili ikate msuli. Tulikaa naye mpaka jioni.

4. Kwa mgonjwa wa Crohn, vinyama vya ngozi vilivyovimba pembeni mwa njia ya haja si bawasiri. Usivikate, kidonda kitakusumbua.

5. Kabla ya infliximab, dawa ya Crohn inayoshusha kinga ya mwili, usaha uwe umetoka, TB na homa ya ini B zimepimwa. Dawa ile huamsha TB iliyolala.

Yule kijana nimembadilishia mpango: Jumatano atachunguzwa akiwa usingizini na kuwekewa setoni, kisha kolonoskopi. Nilipouliza habari za tumbo, mama yake ndiye aliyejibu. Anaharisha tangu Ramadhani.