Wateja Walipojaa, Mfuko Ukakauka

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji walioanzisha kampuni: ni somo gani lililowagharimu zaidi? Langu naweza kulitaja kwa shilingi. Ni laki sita, bei ya magunia 300 ya waru (viazi), ambazo shule moja ya bweni ilitulipa baada ya miezi mitano.

Niko Nakuru. Mimi na binamu yangu tulianza kununua waru kwa wakulima wa Keringet na Molo na kuzisambaza kwenye vibanda vya chipo mjini, Kaptembwa, Rhonda, hadi Free Area. Kusajili kampuni hakukutusumbua, ni kukaa tu mbele ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na subira kidogo. Tulichokuwa tunauza hasa ni usingizi. Mwenye kibanda huamka alfajiri kwenda sokoni, akauziwa gunia lililovimba juu kama limefungwa kilemba, na akifika katikati anakuta viazi vidogo vya mbegu. Sisi tungemletea kilo 50 zilizopimwa, mpaka mlangoni.

Kosa la kwanza lilikuwa programu ya simu. Tulimlipa kijana mmoja elfu 180 atutengenezee, tukiamini kampuni isiyo na programu si kampuni. Mama mmoja wa Kaptembwa aliifungua mara moja, kisha akanipigia: "Kijana yangu, mimi mikono iko na mafuta. Nitakuwa nakutumia sauti." Mpaka leo oda zake huja kwa sauti ya WhatsApp, na nyuma yake unasikia chipo zikichemka. Kilichotuletea watu ni mizani ya kuning'iniza iliyotugharimu elfu chache. Kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini wakulima wengi tuliowakuta walikuwa hawajawahi kuona gunia lao likipimwa. Mzee mmoja wa Keringet aliusimamia ule mshale mpaka ukatulia, akatuomba tupime tena, halafu akaenda kuwaita majirani.

Sasa hesabu. Wakati huo gunia tulinunua kwa 1,500, kupakia 50, lori 150. Jumla 1,700, na tuliuza 2,000. Gunia moja likioza, linameza faida ya karibu magunia sita. Na Shangi, aina ya waru ambayo ndiyo wengi wanalima kwa sababu inakomaa haraka na kuiva haraka, haina subira hata ghalani: wiki chache tu imeshachipua. Tukajiona wajanja, tukakodi nafasi kwenye chumba baridi cha matunda. Baada ya siku kumi na mbili mama yuleyule akanitumia sauti fupi: "Njoo uone." Nilikuta karai la chipo zilizokuwa nyeusi nje na ngumu ndani, na wateja wawili wanasubiri wakitazama pembeni. Mwalimu mmoja wa kilimo kule Njoro ndiye alinieleza baadaye kwamba kiazi kikikaa kwenye baridi ya friji, wanga wake hugeuka sukari, na sukari ikiingia kwenye mafuta ya moto inaungua. Magunia thelathini yalienda kwa mfugaji wa nguruwe kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Lakini hiyo ilikuwa hasara ya mara moja, unaimeza unaendelea. Iliyotulaza chini ilikuja wakati kila mtu anatupongeza. Vibanda vilikuwa vinalipa kwa M-Pesa jioni ileile, au kesho yake. Halafu zikaja hoteli mbili, halafu ile shule. Tukafika magunia 40 kwa siku, tukaajiri vijana watatu, tukachapisha fulana.

Mkulima wa Keringet hulipwa shambani kabla lori halijawashwa. Ukimwambia habari za ankara atakutazama tu. Kwa hiyo magunia 40 kwa 1,700 ni 68,000 zinazotoka kila siku. Wateja wakilipa baada ya wiki ya siku sita za kazi, una 408,000 zilizolala nje. Wakilipa baada ya mwezi, siku 26 za kazi, ni 1,768,000. Sisi hatukuwahi kuwa na milioni moja tangu tuanze. Kwenye daftari nilikuwa napata 12,000 kwa siku, na kwenye simu nilikuwa naishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Kila mteja mkubwa aliyeongezeka nilimkaribisha kwa furaha, kisha nikatoka kwenda kutafuta pesa za kumkopesha. Mhasibu wa shule hakuwa mtu mbaya. Kila nikienda aliniambia pesa za serikali hazijaingia, akaniagizia chai.

Kodi nayo ilinifunza kitu ambacho ningetaka kuambiwa mapema. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa biashara za kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni 3%, na inakatwa kwenye mauzo, si faida. Kwa gunia la 2,000 hiyo ni shilingi 60 kutoka kwenye zile mia tatu zetu. Unaweza kuandika barua KRA, mamlaka ya kodi, uombe kutozwa kwa faida badala yake. Sisi tulijua hilo tukiwa tumechelewa.

Binamu alitaka tutafute mwekezaji, mimi nikataka tupunguze. Hisa zilikuwa nusu kwa nusu na hatukuwa tumeandika popote mmoja akitoka inakuwaje, maana kuandika kulionekana kama kutoaminiana. Kutengana kulihitaji kikao cha wajomba wawili na mbuzi. Tunasalimiana.

Siku hizi ni magunia 25, vibanda tu, na lori halirudi kwako kabla hujalipa la jana. Januari mhasibu wa ile shule alinipigia, nikamwambia nusu kwanza. Akacheka, akasema atazungumza na mkuu wa shule. Bado anazungumza naye. Asubuhi hii mama wa Kaptembwa ametuma sauti: anataka mawili, na yasiwe ya friji.