Mnaotaka kuanza kusomesha watoto nyumbani, sikieni kwanza yaliyotupata mwaka jana

Wazazi wengi wanaoniuliza habari za kusomesha nyumbani huanza na ninunue vitabu gani. Vitabu havikosi jamani, vya P4 mpaka P7, yaani darasa la nne mpaka la saba hapa Uganda, viko kila duka la vitabu, tena utavinunua vingi kuliko utakavyosoma. Mi nataka niwape habari ya neno moja tu, "product", maana hilo neno ndo lilituumbua.

Sisi hatukuanza kwa kupenda. Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, tukasema wiki mbili tatu zitafunguliwa, kumbe mpaka Januari 2022, na wakati huo binti yetu mkubwa alishazoea kusomea mezani hapa nyumbani na sisi tumeshazoea, basi hakurudi. Mdogo wake ndo hata nasari hakuwahi kuiona. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, baba yao mtu wa Arua mi Msoga, tulikutana kwenye Kiswahili na watoto wamekua humo humo.

Sasa mwaka jana kila kitu kikahama kwa pamoja. Kazi ya baba yao Kampala iliisha, tukarudi Jinja, mtaa wa Walukuba, yeye akapata kazi ya lori la kupeleka mizigo Juba, akiondoka ni wiki mbili au zaidi. Na yeye ndo alikuwa ticha wa hesabu! Alafu mama mkwe akaugua tukamleta tukae naye. Ratiba yangu niliyokuwa nimebandika ukutani, vipindi nane kwa siku na kengele ya simu, haikumaliza wiki, na bora ilikufa maana ile ilikuwa shule nimeibeba mgongoni nikaileta sebuleni. Kilichobaki ni saa mbili mpaka saa nne asubuhi, hesabu na kusoma, basi. Jjajja, ndo huyo bibi yao, akiwa hospitali, saa mbili mpaka saa nne. Tokeni ya umeme wa yaka imeisha, kaeni karibu na dirisha. Mengine yote yalikuja siku yakipata nafasi. Ukianza chagua vitu viwili ambavyo hata nyumbani kukiwa na msiba vitafanyika kesho yake asubuhi, vingine usiape.

Nirudi kwenye lile neno. Mtoto anayesoma nyumbani hawezi kujisajili PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza P7, mwenyewe, lazima apitie shule yenye senta namba, yaani namba ya kituo cha mtihani, na mi nilikuwa najua hivo ila nikawa nasukuma tu, nitaenda mwezi ujao. Nimekuja kwenda temu ya tatu akiwa anamaliza P6. Msifanye hivo. Nendeni mtoto akiwa P5, muulize wanachukua watoto wa nje au la, anatakiwa akae darasani mwaka mzima au anaruhusiwa kuja kufanya moki tu, ile mitihani ya majaribio, pesa ngapi. Wengi watakukatalia na usikasirike, shule inahesabu first grade zake, wale waliopata daraja la kwanza, mtoto wasiyemjua wanamuona kama mgeni atakayekuja kuwaharibia matokeo. Shule ya tatu ndo ilikubali kumpa intavyuu, ule mtihani wa kuingilia.

Hesabu alipata 38 kwa 100. Mtoto ambaye tangu P3 anahesabu faida ya dagaa sokoni kichwani kabla muuzaji hajashika simu! Nilitaka kulia pale pale ofisini, nikaomba ile pepa nikaondoka nayo. Jioni nikamsomea maswali yale yale kwa Kiswahili, akayajibu karibu yote. Swali la tatu lilisema find the product of 12 and 15, yeye ameandika 27. Nikamuuliza 12 mara 15 ni ngapi, hata sijafunga mdomo, 180. Nikamuuliza product ni nini, akasema si ndo jibu mama, ukichanganya. Miaka yote mi na baba yake tumesema mara, jumlisha, toa, gawanya, hayo mengine hajawahi kuyasikia yakitoka midomoni mwetu.

Kosa ni langu, ila kumfundisha kwa Kiswahili halikuwa kosa na hapo sitabishana na mtu. Sehemu, zile fractions, alizielewa mchana mmoja na chapati mbili kwa sababu nilimwelezea kwa lugha anayoota nayo ndoto. Hata silabasi ya nchi P1 mpaka P3 inaruhusu lugha ya mahali pale, P4 ndo watoto wanahamia Kiingereza. Nyumbani sasa hakuna anayekuja kukugongea mlango akuambie mama leo ni P4. Mwaka unapita, mwingine unapita, mtoto anaelewa kila kitu na wewe unafurahi, na pepa zote nne za PLE zimeandikwa Kiingereza.

Tulichofanya hakikugharimu kitu. Kwanza daftari moja la maneno ya mtihani tu, product, difference, quotient, remainder, how many more, upande wa pili maana yake na mfano, na mfano anautunga mwenyewe. Hiyo ya how many more, yaani imezidi kwa ngapi, ilitusumbua kuliko zote, mtoto akiona more anajumlisha. Pili nikamwambia amtungie mdogo wake maswali matano kila siku kwa Kiingereza, asiyaeleze, amwache ahangaike. Tatu, na hii sikuipanga, ni jjajja. Jjajja hajui Kiingereza lakini anapenda kusomewa, basi wakawa wanamsomea kitabu cha sayansi yeye amelala na anawakatiza kila sentensi mbili, anasema nini huyo, hebu sema tena, na wao wanageuza kwa Kiswahili mpaka aridhike, na jjajja haridhiki haraka. Nina uhakika yule mzee amefundisha kuliko mimi. Baada ya wiki tano binti akarudia intavyuu akapata 71, wakampokea P7, dei si bweni.

Majirani wakasema si tulikwambia, ona mwishoni amerudi shule. Sawa.

SST, somo la maarifa ya jamii, msiihofie, hiyo inajifundisha ukiwa na miguu. P4 ni wilaya yako, P5 Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika. Mdogo yuko P5 na tukahamia Jinja, tukashuka naye mto Nile, nikamuonesha bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa 1954, nikaanza maelezo yangu ya Speke, yule Mwingereza aliyefika chanzo cha Nile 1862, hakusikiliza hata moja. Alitaka kujua haya maji yanaenda wapi. Tukatandika ramani sakafuni, Kyoga, Karuma, Ziwa Albert, alafu yanatoka yanapanda kaskazini mpaka Nimule, na Nimule ni hapo hapo mpakani mwa Sudani Kusini lori la baba yake linapovukia kutoka Elegu. Jioni baba alipopiga simu akaambiwa angoje, maji yanakuja. Ramani bado iko sakafuni, imekanyagwa mpaka Sudani Kusini imechanika.

Kuandika ndo kumebaki nyuma, nakiri. Sokoni na mtoni hapamfundishi mtu kuandika insha, hiyo ni kukaa chini na kalamu na kuchukia, watoto wangu wote wawili wanachukia. Na mnaofikiri ni bei rahisi, bando, tokeni, madaftari, na ile kazi ambayo hukuifanya kwa sababu uko nyumbani, pigeni hesabu vizuri kabla.

Mdogo tumekubaliana abaki nyumbani mpaka P6, na ya senta namba nimeshaenda kuuliza. Dada yake akirudi saa kumi na moja, hata yunifomu hajavua, anachukua peni nyekundu anakagua daftari la mdogo wake. Juzi amemkata maksi mbili kwa sababu jibu la faida kaandika 4,500 tupu bila shilingi, mdogo akapiga kelele hata wewe mama alikuwa hakukati, akajibiwa ndo maana nilipata 38.