Prado ya dizeli ikaguliwe ikiwa baridi

Muuzaji akikuambia uje saa nane mchana, mwombe mkutane saa moja asubuhi, na umsihi asiliwashe gari kabla hujafika. Hilo ndilo sharti langu la kwanza kwa yeyote anayetafuta Prado, Hilux au Land Cruiser ya dizeli iliyotumika, na huwa silegezi.

Magonjwa mengi ya injini ya dizeli hujificha ikishapata moto. Nozo zilizochoka (zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini), hita za kuwashia zilizokufa, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) iliyoshuka, vyote huonekana kwenye mwasho wa kwanza wa asubuhi. Kwa hiyo mkisalimiana tu, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, panga siku nyingine.

Nitakaa zaidi kwenye Prado za 1996 hadi 2002 zenye injini ya 1KZ-TE, maana hapa Arusha ndizo ninazoitiwa mara nyingi. Ni injini nzuri, lita 3.0, silinda nne, ina turbo. Lakini bloku ni ya chuma na silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ni ya aluminiamu, na ikiwahi kuchemka vibaya hedi inaweza kupasuka kati ya valvu. Ufa unaanza mdogo. Mjini gari linatembea bila shida na geji ya joto haipandi. Siku umepakia familia na mizigo, unapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, ndipo maji yanachemka.

Kuukamata ufa huo kunataka subira. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji: yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupoza injini), si kahawia ya kutu. Mwambie mtu awashe, wewe angalia pale mdomoni. Mapovu machache ya mwanzo si hoja, lakini yakiendelea bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta. Gari lililolala usiku kucha mpira wake unapaswa kuwa laini ukiubonyeza. Ukiwa bado mgumu asubuhi, umejaa gesi iliyokosa pa kutokea. Ubonyeze kabla hujagusa mfuniko, la sivyo umeipoteza dalili hiyo.

Kuna Prado moja nyeupe niliyoikagua na rafiki yangu, mpira wake ulikuwa mgumu hivyo hivyo. Tukaizungusha mtaani, na geji ikachukua muda mrefu mno kuanza kupanda. Nikamuuliza muuzaji kuhusu themostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto. "Ah, kaka, fundi aliitoa zamani, nchi yetu ya joto hii, haina kazi." Arusha, mwezi wa saba! Themostati huondolewa ili gari linalochemka lionekane linapoa, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi muda wote inakula dizeli na kujilisha masizi. Rafiki yangu aliiacha ile gari, nami nilifurahi sana.

Moshi usome hivi. Mweupe kidogo wakati wa kuwasha ni wa kawaida. Ukiendelea injini ikishapata moto, shuku maji au nozo. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito unapokanyaga mafuta ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mara nyingine ni chujio la hewa tu. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua mfuniko wa oili uulaze juu ya tundu kichwa chini. Kutikisika kidogo si tatizo. Mfuniko ukirushwa na mvuke ukatoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha.

Kwa injini ya 1KD-FTV iliyofuata, hoja ni nozo na zile washa (pete) za shaba chini yake. Zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), mpaka injini ikose oili. Lipia fundi mwenye kompyuta asome nozo moja moja. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na seti mpya.

Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zilizotoka kwenye utalii ni habari nyingine. Injini ni ngumu kweli, ila uliza taiming belti (mkanda unaoendesha valvu) ilibadilishwa lini, maana inatakiwa kila kilomita 100,000. Kisha ulale chini ya gari. Nyingi zilirefushwa chesisi (fremu ya chuma iliyobeba gari), kwa hiyo fuata kila sehemu iliyochomelewa ukitafuta nyufa na kutu. Angalia pia nyuma ya magurudumu ya mbele: grisi iliyochanganyika na oili inayotiririka ina maana sili za ndani ya ekseli zimeachia.

Gia ya 4WD (ya kuendesha magurudumu yote manne) ijaribu kwenye vumbi, siyo kwenye lami. Ingiza gia nzito, nenda mbele na urudi nyuma, na hakikisha taa yake inawaka na kuzimika kwenye dashibodi. Gari lililokaa mjini miaka mingi mara nyingi mfumo huu umeganda, na mwenyewe hajui kwa sababu hajawahi kuugusa.

Mwisho kabisa linganisha namba za injini na chesisi na kadi ya gari. Namba ya chesisi kwenye Toyota hizi imegongwa kwenye chuma cha kulia, karibu na gurudumu la mbele. Beba tochi na kitambaa cha kufutia matope. Namba hiyo ikiwa imesagwa au imechomelewa upya, usijadili bei tena.