Shangazi, wifi kanikopea nilipe madeni, sasa hanipi raha

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 31, mke wa mtu, watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga, nauza vijora na madera, mzigo nafuata Mombasa. Mwaka jana biashara iliyumba nikajikuta nina kausha damu mbili, ile mikopo ya rejesho la kila siku, mikopo ya kwenye simu minne, kikoba, na mzigo wa mali kauli niliochukua kwa kukopa, jumla kama milioni 4 na nusu. Wale wa simu wakawa wanatuma meseji kwa watu wangu mpaka ustadhi wa madrasa ya wanangu akaipata. Wifi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, alijitolea mwenyewe akachukua mkopo benki milioni 5 ili nilipe wote nibaki na deni moja, nimrudishie 178,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Miezi minne nimemlipa vizuri tu. Wa tano ilikuwa harusi ya mdogo wangu Korogwe nikampa laki, wa sita nikampa hamsini, toka hapo miezi mitano mambo hayajakaa sawa. Sasa ni masimango, eti nimemkwamisha nyumba yake, akija kwangu anaangalia makochi mapya kama anayehesabu. Mume wangu yuko upande wa dada yake. Nimechukua tena kalaki tatu mahali nizungushie biashara. Kaka yangu ni askari, kasema anaweza kunikopea nimlipe wifi yote kwa mpigo niwe huru. Nikubali? Nimechoka kunyanyaswa. Mke Mnyonge, Makorora."

Marahaba mwanangu. Pole, najua jua la Horohoro pale mpakani na najua mzigo ukidoda ndani unavyomkosesha mtu usingizi. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Eti alijitolea mwenyewe. Hivi we unamjua mwalimu gani anayeamka asubuhi, anapiga mswaki, anasema leo ngoja nikajitolee milioni 5 benki? Ustadhi kapata meseji kwamba mama fulani ni tapeli anadaiwa, ukoo wa kaka yake unachekwa msikitini, na nina uhakika kabisa kuna siku ulikaa kwenye mkeka wake ukalia mpaka kanga ikalowa. Huko sio kujitolea, yule aliokoa jina la kaka yake na la wanao, na we hata neno asante sijaliona kwenye barua yote hii, nimetafuta.

Halafu nimechukua kalamu nikapiga hesabu zako maana we hukuzipiga. Miezi 11 mara 178,000 ni 1,958,000. Ulichotoa ni 712,000 ya ile miezi minne, laki ya Korogwe, na hamsini, jumla 862,000. Kwahiyo wifi yako ametoa mfukoni mwake 1,096,000 kulipia vijora ambavyo hajawahi hata kuvivaa. Milioni moja na elfu tisini na sita, ya mwalimu wa shule ya msingi! Na bado kuna miezi 25 mbele. Sa hapo nani anamnyanyasa nani?

Ngoja nikueleze kitu ambacho naona hujakielewa, au umekielewa ukajifanya huoni. Ulivyokuwa unadaiwa na kausha damu, siku huna hela ulikuwa unazima simu, unapitia mlango wa uani, unamwambia mtoto sema mama kaenda Muheza. Wifi yako hana mlango wa uani. Mkopo wa mtumishi unakatwa kwenye mshahara kabla haujagusa akaunti yake, awe mgonjwa, awe na msiba, makato yanapita. We ukisema "mambo hayajakaa sawa" unaendelea na chai yako, yeye ile salary slip inatoka imeshapigwa panga. Yani deni lako halikulipwa mwanangu, lilihamishwa tu, lilitoka kwako Makorora likaenda kulala kwa mwalimu, na we ukapumua ukadhani limekufa.

Na hilo la nyumba sio masimango. Mtumishi wa serikali sheria inataka makato yake yote yasile zaidi ya theluthi mbili, lazima abaki na theluthi moja mkononi. Sasa huyo mwalimu ana 178,000 yako imekaa hapo kwenye makato, akienda benki kuomba hela ya bati wanaangalia ile slip, wanamwambia mama nafasi imejaa. Imejaa wewe! Mvua za masika zinamkuta kwenye nyumba ya kupanga na ukuta wake umesimama huko bila paa, afu anakuja kwako anakuta makochi mapya. Mi ningeangalia pia. Mi ningekaa juu yake nikaruka ruka.

Wenye kukopa kwa ndugu mnasema mwenye kukopesha anasimanga, ila mi yashanikuta. Niliwahi kumdhamini binti wa mama mdogo wangu kwenye kampuni moja ya mikopo, laki nne tu, akahamia Dar kimya kimya, wakaja wakabeba cherehani yangu mchana kweupe huku nimemshonea mtu sare nusu, mkono mmoja upo mwingine haupo. Alivyorudi Idd akaniambia dada bado una kinyongo? Kwahiyo nikisoma barua ya mtu anayelalamikia aliyemkopea, unisamehe, najikuta nipo upande wa cherehani.

Hapa nitapoa kidogo, maana wazo lenyewe la kukusanya madeni kwenye mkopo mmoja halikuwa baya, lilikuwa zuri sana. Kausha damu ukichukua laki 5 unarudisha 20,000 kila siku kwa siku 30, hiyo laki 6, bado fomu. Na kumbuka siku ya 15 nusu ya hela umesharudisha ila riba unalipa ya laki 5 nzima. Laki kila mwezi ukizungusha miaka mitatu ni milioni 3.6 ya riba, na ile laki 5 yenyewe bado unadaiwa. Mkopo wa wifi wako milioni 5 nzima kwa miaka mitatu hiyo hiyo riba yake ni milioni 1.4. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hizi kampuni za mikopo zisizopokea amana, zile zisizotunza akiba za watu, yani kwa laki 5 riba ya mwezi haitakiwi izidi 17,500, we ulikuwa unatoa laki kwa mtu mwenye kijitabu na pikipiki. Na hao wa kwenye simu wanaotangaza watu kwa mashehe, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja app 69 zinazokopesha bila leseni ikazipiga marufuku, kwahiyo kabla hujabonyeza "kubali" huko kwenye simu angalia kwanza kama wana leseni, na namba za watu wako zote usiwaruhusu kuzisoma.

Wifi alikutoa kwenye moto. Tatizo ni kwamba ulitoka na kijinga cha moto mkononi. "Kalaki tatu." Kalaki! Watu wa huku kwetu tukitaka kuficha kitu tunakipa ka mbele, kadeni, kamume, kalaki. Hiyo ni kausha damu nyingine mwanangu na najua unajua, ndo maana umeiweka katikati ya barua kati ya mume na kaka ili nipite haraka. Sijapita. Na ile laki 5 iliyobaki kwenye milioni 5 za wifi baada ya kulipa madeni, ambayo hujaitaja kabisa, ndo makochi yale? Nauliza tu.

Sasa kaka yako askari. HAPANA. Unataka kumtoa mwalimu umuweke askari kwenye shimo lile lile, na mwakani utaniandikia wifi yako mwingine, mke wa askari, anaangalia friji. Hutakuwa huru, utakuwa umebadilisha anayelia. Ukoo una mishahara mingapi we mama, utaimaliza yote?

Na hizi ndoa za siku hizi mnanichosha. Kitchen party mnachangishana mpaka senti ya mwisho, bibi harusi anapewa blenda tatu na masufuria ya kupanga ukuta mzima, anafundishwa kupika biriani na kutembea kwa madaha, ila hakuna hata mmoja anayemfundisha kukaa kitandani usiku akamwambia mumewe baba nadaiwa. Hilo neno linawashinda. Mke ana kausha damu, mume ana mikopo ya kubeti, kila mtu simu ana namba ya siri, wanalala mgongo kwa mgongo kila mmoja anaogopa asubuhi. Saa 4 wanawake mmekaa duara kwenye baraza la mtu mnamsubiri afisa wa mikopo, mmoja akikosa rejesho hakuna anayeruhusiwa kuondoka, wali unaungulia nyumbani. Huyo mumeo unayesema yuko upande wa dada yake, alijua lini kwamba mkewe anadaiwa milioni 4 na nusu? Naapa alijua kwa ustadhi. Mwanaume anaambiwa madeni ya mkewe na mwalimu wa madrasa, afu unashangaa kakaa kimya. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, we harusi yenyewe ya Korogwe ulikopa kwa mshahara wa wifi.

Sikupi hadithi zaidi. Makochi uza, na usiniambie watoto watakaa wapi, mkeka upo. Hela ya makochi maliza ile kalaki kwanza maana ndo inayokula haraka. Ijumaa hii baada ya swala umwambie mumeo mnaenda wote wawili kwa dada yake, usitangulize meseji, na usiende mikono mitupu wala usiende na zawadi, nenda na hela yoyote uliyonayo hata kama ni elfu 40. Mwambie hiyo 1,096,000 unaitambua, itaje kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya mumeo, yote bila kukosea hata elfu. Muombe statement ya mkopo muone umebaki kiasi gani, mkae muandike kwenye karatasi, ile 178,000 ya kila mwezi irudi kama mlivyokubaliana na juu yake kitu cha kupunguza malimbikizo, hata 30,000, mumeo asaini kama shahidi. Kila ukiuza kijora, fungu la wifi weka pembeni siku hiyo hiyo kabla hujanunua hata vitumbua, na mzigo mpya wa Mombasa utafuata kwa hela iliyopo sio kwa hela ya mtu.

Masimango atakupa, tena siku hiyo atakupa mengi. Yameze.

Na kaka yako mwambie ahsante, ahifadhi mshahara wake. Tarehe ya mshahara ikipita niandikie, nataka kujua makochi yametoka bei gani.